UZI: Nilivyoingia kazi ya usalama wa mitandao hapa Nairobi, na ninachowaambia wanaotaka kuanza

Mlinzi_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kila wiki napata ujumbe wa kijana, mara nyingine wa mzazi, na swali ni lile lile: mtu anaingiaje kazi ya usalama wa mitandao? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani. Wiki hii niko likizo, kwa hiyo acha niandike yote mahali pamoja, hata anayeona haya kuuliza apate.

Nafanya kazi ya zamu katika kituo cha kufuatilia usalama wa mitandao kule Westlands. Kompyuta na seva za wateja wetu zinaandika kila kinachotokea ndani yake: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, amefungua nini. Maandishi hayo sisi tunayaita logi. Yanatufikia saa 24, mfumo unayachuja, na kile ambacho mfumo umekitilia shaka kinaletwa mbele ya binadamu aamue. Mimi ndiye huyo binadamu, na zamu ya usiku inaanza saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wanaoniandikia wanadhani kazi hii ni kuvunja mifumo usiku kucha. Wapo wanaolipwa kuvunja, kwa mkataba uliotiwa sahihi, lakini ni wachache, na karibu wote ninaowajua walipita kwanza kwenye kazi ya kutunza seva na mitandao ya kawaida, au kwenye kiti kama changu.

Mimi nilianzia saiba, duka la intaneti, kule Githurai. Nilikuwa na diploma ambayo cheti chake chuo kilikuwa kimekizuia kwa sababu ya karo, na mwenye saiba hakuuliza cheti. Kazi ilikuwa kujazia watu fomu za KRA na eCitizen, kuchapisha, na kufufua flashi. Wale wa umri wangu mtakumbuka kile kirusi cha flashi: mteja anachomeka, anakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato, akibonyeza hazifunguki. Siku moja akaja dada wa chuo kikuu, mradi wake wote wa mwaka wa nne umo humo na kesho yake anawasilisha. Alikuwa analia waziwazi mbele ya foleni.

Nilijua dawa, kwa sababu jamaa aliyenitangulia pale alikuwa ameiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: amri ya attrib, alama za kutoa, herufi ya flashi. Faili zikarudi. Lakini siku hiyo, sijui kwa nini, nilitaka kujua zilikuwa zimekwenda wapi. Baada ya kufunga nilibaki nikachunguza flashi nyingine iliyoambukizwa. Nikaona kwamba faili hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa tu, na kila njia ya mkato ilikuwa inaita kwanza programu ndogo ya kirusi kabla ya kufungua folda. Kwa hiyo kila mtu aliyebonyeza akitafuta faili zake alikuwa anamfungulia mwizi mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nilitoa kaunta buku ya hesabu za saiba, nikaigeuza nyuma, nikaandika: tarehe, nilichokiona, nilichofanya, kwa nini kilifanya kazi. Ukurasa mmoja.

Kaunta buku hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na ndiyo sababu ya uzi huu. Niliendelea kuandika. Ruta inayokata kila saa kumi, mteja aliyetumiwa barua pepe ya benki ambayo si ya benki, mama aliyepoteza laini na pesa zake siku moja kwa sababu mtu alienda kubadilisha laini kwa jina lake. Kila kisa ukurasa.

Kutoka saiba nikapata nafasi ya dawati la msaada kwenye SACCO moja mjini. Sitaitaja. Kazi ni zile zile: printa, nenosiri lililosahaulika, kompyuta iliyojifunga. Akaunti ya mhasibu mmoja ilikuwa inajifunga kila Jumatatu asubuhi. Jumatatu ya kwanza nikamfungulia. Ya pili nikamfungulia. Ya tatu nikamuuliza, "Mama, wikendi unajaribu kuingia ukiwa nyumbani?" Akanishangaa, akasema nyumbani hana hata kompyuta.

Ndipo nikaenda kwenye seva na kufungua logi za Windows kwa mara ya kwanza nikiwa na swali kichwani. Kila tukio lina namba. 4625 ni mtu aliyejaribu kuingia akashindwa. 4624 ni aliyefaulu. 4740 ni akaunti iliyofungwa. Kuanzia Jumamosi usiku zilikuwepo 4625 kwa maelfu, zikifuatana sekunde kwa sekunde, majina yakibadilika: admin, administrator, user, test, halafu jina la mhasibu wetu, tena na tena mpaka mfumo ukamfungia. Anwani zilikotoka hazikuwa za Kenya. Fundi aliyetuuzia programu ya hesabu alikuwa ameacha mlango wa mtandao (port) wa 3389, ule wa kuendesha Windows ukiwa mbali, wazi kwa dunia nzima ili aturekebishie akiwa kwake. Nilikaa pale nikipekua 4624 moja baada ya nyingine kuona kama kuna mgeni aliyefaulu, jasho likinitoka mgongoni. Hakuwepo.

Sikugusa kitu. Niliandika ukurasa mmoja: nilichokiona, kuanzia saa ngapi, maana yake kwa pesa za wanachama, na mambo matatu ya kufanya. Nikampelekea meneja. Mlango ulifungwa siku tatu baadaye, fundi akawekewa VPN, njia ya siri ya kuingilia peke yake. Karatasi sikuondoka nayo, ni mali ya ofisi.

Miezi kadhaa baadaye nikaitwa kwenye usaili pale nilipo sasa. Walikuwa wawili. Mmoja wao, mama, alinisukumia karatasi moja iliyochapishwa logi, akasema, "Soma, utuambie kilichotokea." Nilikuta 4625 nyingi, kisha saa 02:13 4624 moja. Dakika nne baadaye 4720: akaunti mpya imetengenezwa. Kisha 4732: akaunti hiyo imeingizwa kwenye kundi la wasimamizi. Mstari wa mwisho 1102: logi za usalama zimefutwa. Nikawaambia, mtu amekisia nenosiri akapata, akaingia, akajitengenezea akaunti yake, akajipa usimamizi, akafuta nyayo. Akauliza ungeanza na nini. Nikajibu ningepiga simu, nimwamshe mwenye seva kabla ya kugusa chochote. Nikaanza kazi mwezi uliofuata kwa shilingi 35,000.

Hawakuniuliza cheti hata kimoja siku ile, ingawa najua si kila mahali ni hivyo, na najua kuna watakaonipinga hapa chini. Ninachosema ni kwamba mlango wa kazi hii kwa mtu asiyejuana na mtu uko kwenye kazi yoyote iliyo karibu na mashine: saiba, shule, duka la simu Luthuli, kaunta ya hospitali. Ichukue, iangalie kwa jicho la usalama, na uandike. Kusoma logi na kuandika ukurasa unaoeleweka na asiye fundi ndiyo nusu ya kazi yangu kila siku.

Ya kujifunza, kwa mpangilio ambao ningempa mdogo wangu: mitandao kwanza. Ujue IP ni nini, DNS inafanya nini, kwa nini milango 22, 80, 443 na 445 inatajwa kila mahali. Ukiweza kunieleza kinachotokea kuanzia unapoandika anwani ya tovuti na kubonyeza Enter mpaka ukurasa ufunguke, umenipita mimi wa siku ile. Kisha Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi. Kisha Windows, ambayo vijana wanaidharau ilhali ndiyo iliyojaa kwenye ofisi za mji huu. Vifaa vya kudukua viache mpaka hapo. Nimeona vijana wenye Kali, Linux iliyojaa vifaa vya kudukua, kwenye laptopu, na hawajui ruta ya nyumbani kwao inagawaje anwani.

Ulizeni, nitajibu jioni.

---

Kijana_wa_Wendani

Kaka, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni msichana, niko mwaka wa pili, nasoma hisabati si kompyuta. Laptopu sina, natumia simu na maabara ya chuo ambayo inafungwa saa kumi na moja. Nafaa kusubiri mpaka ninunue?

Mlinzi_wa_Zamu

Dada, usisubiri hata kesho. Weka Termux kwenye simu yako ya Android. Hiyo inakupa skrini ya amri ya Linux mkononi. Ndani yake weka openssh, programu ya kukuunganisha na seva ya mbali, halafu uingie kwenye mchezo unaoitwa Bandit, wa OverTheWire. Ni wa bure. Unaunganishwa na seva yao, unapewa fumbo, ukilitatua unapata nenosiri la ngazi inayofuata. Ni maandishi matupu, kwa hiyo bando lako la siku litakutosha kwa muda mrefu sana. Ngazi za mwanzo zitakufundisha Linux kuliko video za wiki nzima.

Siku ukipata pesa, tafuta laptopu ya ofisini iliyotumika, ThinkPad au EliteBook, ambazo hapa tunaziita ex-UK. Angalia RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8 na uulize kama inaongezeka. Sura ya nje isikubabaishe. Ukiwa na 8 unaweza kuweka VirtualBox, programu ya kuiga kompyuta nyingine, na kuendesha mashine mbili ndogo ndani yake, moja ikishambulia, nyingine ikishambuliwa, zote zako, hakuna wa kukushtaki. Weka Wazuh, programu ya kukusanya na kuchuja logi, baadaye ukizoea, ni ya bure, ujionee mwenyewe logi za shambulio ulilolifanya wewe. Kuwaona wote wawili, mshambuliaji na aliyeshambuliwa, kunafungua macho ajabu.

Na hisabati usiiache.

---

Kifaru_wa_Jioni

Mtoa uzi ameandika vizuri na namheshimu, lakini hapa kwenye vyeti nampinga, maana vijana watapotea. Mimi nimetuma maombi zaidi ya mia. Afisa wa ajira hajui 4625 ni nini. Anaangalia kama umeandika vyeti kama Security+ au CEH au hapana, basi. Kaunta buku hataiona kwa sababu hutafika kwenye usaili.

Mlinzi_wa_Zamu

Ndugu, hilo la mchujo ni kweli na sitakubishia. Mimi mwenyewe niliingia kwa sababu aliyepokea maombi alikuwa fundi. Security+ niliifanya nikiwa tayari kazini: maswali yasiyozidi 90, dakika 90, ufaulu ni 750 kati ya 900. Ni mtihani wa haki na unakupanga mawazo. Ninachopinga ni kuanza nao. Nina rafiki aliyekopa kulipia kozi iliyomuahidi kazi, akapata cheti, akaitwa usaili mara tatu, na mara zote tatu alipowekewa logi mezani alinyamaza. Mkopo bado analipa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kama unahitaji jina la kuweka kwenye karatasi na pesa hakuna, shirika la ISC2 lilianzisha 2022 kampeni ya kuwapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa cheti chao cha kwanza, CC, bila malipo. Ujue tu kwamba ukifaulu kuna ada ya kila mwaka, dola 50, usije ukashtuka. Usikimbilie cheti cha CISSP sasa, kinataka uzoefu wa miaka mitano. Na OSCP, cheti cha wanaolipwa kuvunja, ni saa 23 na dakika 45 za mtihani, kisha siku nzima ya kuandika ripoti. Ona tena hapo: hata wavunjaji wanapimwa kwa kuandika.

Ghorofa_ya_Saba

Niingilie kidogo, maana nimeajiri watu wa kazi hii kwenye taasisi ya fedha, Upper Hill, kwa miaka kadhaa. Nyote mna haki. Maombi yanakuja mengi, idara ya wafanyakazi inachuja kwa vyeti na digrii, na mimi siyaoni yaliyotupwa. Lakini niliwaomba waweke swali moja kwenye fomu: "Eleza tatizo moja la kiufundi ulilolichunguza mwenyewe, kwa maneno yasiyozidi 300." Wanaojibu kwa kunakili maelezo ya mtandaoni wanaonekana haraka. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa analinda usiku kwenye jengo la ofisi. Aliandika jinsi alivyogundua kamera zote za jengo lile zina nenosiri la kiwandani, na jinsi alivyomweleza mwenye jengo bila kumtisha. Nilimwita. Hakuwa na cheti chochote cha kompyuta. Tulimfundisha, na leo ndiye anayewafundisha wapya.

Wenye maombi, msiandike "nina shauku ya usalama wa mitandao". Kila mtu anaandika hivyo. Andika umeona nini.

---

Dada_Mkaguzi

Habari za jioni. Mimi ni mhasibu, miaka 38, watoto wawili, nimefanya ukaguzi wa ndani miaka tisa. Mambo ya Linux sidhani kama ninayaweza kwa umri huu na muda nilio nao. Je, huku kwenu kuna nafasi ya mtu kama mimi au nimechelewa?

Mlinzi_wa_Zamu

Dada yangu, heshima zako. Wewe hujachelewa, uko mbele ya wengi humu ndani bila kujua. Kuna upande mzima wa kazi hii ambao ni ukaguzi na udhibiti, na watu wake hawapatikani kirahisi.

Tazama: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka shirika lililovujiwa data za watu kiasi cha kuwahatarisha watu hao, limjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Benki Kuu nayo ilitoa mwongozo wake wa usalama wa mtandao kwa mabenki 2017. Kila moja ya hayo inahitaji mtu anayejua kuuliza: nani anaruhusiwa kuingia hapa, ushahidi uko wapi, mara ya mwisho mliangalia lini, mfanyakazi aliyeacha kazi Machi mbona bado ana akaunti? Hayo ndiyo maswali uliyoyauliza kwenye hesabu kwa miaka tisa. Kinachobadilika ni kitu unachokagua.

Angalia cheti cha CISA cha chama cha ISACA, ambacho ni cha wakaguzi wa mifumo. Wana tawi hapa Kenya, na ni mahali pazuri pa kukutana na watu wa fani yako. Soma kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ISO 27001, toleo la 2022, lenye vidhibiti 93. Vipitie ukiwa na kalamu, uweke alama vile ulivyowahi kuvikagua tayari bila kujua vinaitwa hivyo. Halafu omba kwa bosi wako ukaguzi mmoja tu wa akaunti za mfumo wa mishahara. Huo ndio ukurasa wako wa kwanza.

Dada_Mkaguzi

Hilo la mfanyakazi aliyeacha kazi limenigusa, kwa sababu nina hakika kwetu wapo. Jumatatu naomba orodha.

---

Mwanafunzi_Mwenye_Jambo

Naomba ushauri, lakini msinihukumu. Nilikuwa natazama matokeo yangu kwenye tovuti ya chuo, nikabadilisha tarakimu moja kwenye anwani juu, yakafunguka matokeo ya mtu mwingine. Nikabadilisha tena, mwingine. Najaribu kuona kama naweza kupakua yote nipate ushahidi, niwapelekee wanipe kazi. Niendelee?

Mlinzi_wa_Zamu

Mdogo wangu, acha sasa hivi. Funga ukurasa huo. Sikuhukumu, udadisi wako ndio unaotakiwa kwenye kazi hii, na kosa uliloliona ni kosa kweli, limeenea duniani kote: seva inaangalia kama umeingia, lakini haiangalii kama unachoomba ni chako. Ila sikiliza. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inasema kuingia kwenye mfumo bila idhini ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria haiulizi kama ulikuwa na nia ya kuomba kazi. Na ukipakua matokeo ya wenzako elfu mbili, data za watu elfu mbili ziko kwenye simu yako. Hapo wewe ndiye uvujaji wenyewe.

Tarakimu ya kwanza huenda ulibonyeza kwa bahati. Ya pili ulikuwa unajaribu, na hapo ndipo ulipaswa kusimama. Usijaribu tena, usimwonyeshe mwenzako, usiweke picha ya matokeo ya mtu popote. Usiwatajie kazi wala pesa kwenye barua yako, maana itasomeka kama vitisho. Kabla ya kuwaandikia, ongea na mhadhiri unayemwamini, ikiwezekana na mtu anayejua sheria, ili barua isiende ikiwa na jina lako peke yako. Iwe fupi: nilikuwa naangalia matokeo yangu, nikaona hili, niliacha, sina nakala ya data ya mtu yeyote, naomba lirekebishwe. Unaweza pia kupeleka taarifa kwa National KE-CIRT/CC, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambacho kazi yake ni kupokea mambo ya aina hii.

Hamu ya kutafuta makosa ina mahali pake halali. PortSwigger wana chuo cha bure mtandaoni chenye tovuti zilizotengenezwa makusudi zivunjwe, na kosa hilo hilo lako lina mazoezi yake humo. Baada ya hapo kuna HackerOne na Bugcrowd, ambako makampuni yanaandika wazi unaruhusiwa kugusa nini. Soma orodha ya yaliyokatazwa kabla ya orodha ya malipo.

Mwanafunzi_Mwenye_Jambo

Nimefunga. Kusema kweli sikuwa nimefikiria upande wa wenzangu ambao matokeo yao nilikuwa nayatazama. Kesho namtafuta mhadhiri wetu wa mitandao.

---

Nyota_ya_Kayole

Kwa akina dada: msijifungie wenyewe nyumbani na simu. Mimi nilikaa mwaka mzima peke yangu nikidhani sina akili, kumbe nilikosa tu mtu wa kumuuliza. SheHacks Kenya wanakutanisha wanawake wa fani hii, kuanzia anayeanza mpaka mameneja. Mara ya kwanza nilienda nikakaa nyuma karibu na mlango ili nitoroke. Dada mmoja akaja kuniuliza nimekwama wapi, akavuta kiti, akanionyesha kwenye laptopu yake jinsi ya kufuata mazungumzo ya kompyuta mbili kwenye Wireshark, programu ya kuonyesha kinachopita kwenye mtandao. Dakika kumi na tano. Nilikuwa nimehangaika na jambo hilo miezi miwili.

Kuna mikutano ya AfricaHackon pia na BSides Nairobi, hiyo ni ya wote. Na angalieni matangazo ya Cyber Shujaa, mpango wa USIU-Africa, Serianu na chama cha mabenki, wa kufundisha vijana kazi hii.

Mzazi_Rongai

Mwanangu yuko kidato cha tatu, anakesha kwenye kompyuta. Nimkataze?

Mlinzi_wa_Zamu

Mzazi, usimkataze, kaa naye dakika kumi umuulize anafanya nini na akuonyeshe. Kama anaweza kukueleza ukaelewa, yuko njia nzuri. Muulize pia mashine anayoigusa ni ya nani. Swali hilo alizoee mapema. Kuna mashindano ya bure ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, picoCTF, yaliyotengenezwa kwa umri wake hasa. Na alale, tafadhali. Sisi wa zamu ya usiku tunajua usingizi una thamani gani.

---

Kijana_wa_Wendani

Nimerudi baada ya siku nne. Termux ilikubali, niko ndani ya Bandit, ngazi ya sifuri nimepita. Nimekwama ngazi ya kwanza. Faili lenyewe linaitwa kistari tu, -, basi. Nikiandika cat, amri ya kusoma faili, halafu kistari, skrini inanyamaza. Haisemi kosa, hairudi. Nimefikiri ni bando, nikaongeza, bado. Imekwama?

Mlinzi_wa_Zamu

Haijakwama, inakusubiri wewe. Andika neno lolote pale ubonyeze Enter, utaona inakurudishia. Kwa cat, kistari peke yake kina maana ya "soma kutoka kwenye kibodi". Kwa hiyo haijaona faili kabisa, imeona maagizo. Bonyeza Ctrl na C utoke. Sasa jiulize: utaiambiaje unamaanisha faili lililoko hapa hapa, kwenye folda hii ulimosimama? Kwenye Linux, "hapa hapa" inaandikwa kwa nukta, na njia inatenganishwa kwa mkwaju (/). Nimesema ya kutosha.

Kijana_wa_Wendani

Imefunguka!! Nimepiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba ameamka, saa hii ni saa sita usiku. Kumbe haikuwa siri, ilikuwa tu imenielewa vibaya.

Nimenunua kaunta buku leo pale stejini. Ukurasa wa kwanza nimeandika: nilichokiona, nilichodhani, nilichofanya, kwa nini kilikubali. Nimeandika pia nilivyodhani ni bando, nisisahau. Ngazi inayofuata jina la faili lina nafasi katikati, na nadhani nimeshaona cat itadhani ni mafaili mangapi. Ngoja nijaribu mwenyewe kwanza.